Maji ya Kitabuni

Jumanne, tumeshakula

Mtu mzima wewe, huna haya! Zamu ya maji umeingoja wiki nzima, halafu unakaa kwenye jiwe unasomewa hadithi ya watoto.

Mjukuu wangu Namkunda amekuja likizo kutoka Same mjini na kitabu. Humo kuna msichana, akisoma kwa sauti, anachokisoma kinatokea kweli. Nikamwambia, "Upuuzi mtupu. Haya, soma nisikie." Tulikuwa juu ya shamba la tangawizi, tunangoja bwawa letu la ndiva lifunguliwe.

Ana sauti laini mtoto huyu. Alipofika pale mto unapotoka kwenye kurasa, nilifumba macho. Nikausikia. Nikasikia ubaridi wake, na harufu ya udongo uliolowa. Nikasema moyoni, kumbe kweli.

Jirani yangu Mama Elia akaita kutoka chini, "Bibi, fungua mfereji! Maji yako yote yanakuja kwangu!"

"Nyamaza, mtoto anasoma!"

Nilipofumbua macho, zamu imekwisha. Tangawizi imeshaanza kuwa ya njano, na wiki nyingine bila maji sijui kama...

Mama Elia alipanda huku akicheka mpaka machozi. Kesho ni zamu yake, na kwa kuwa leo shamba lake limeshakunywa, atanipa nusu. Ila na yeye asomewe, anataka kujua mto ule ulimfikisha wapi yule msichana.

Basi Namkunda, kesho usimame mpakani usome kwa nguvu, tusikie wote. Mimi nitashika jembe. Ukiniona nafumba macho, nirushie udongo.