Nawasikia Marehemu Wote, Isipokuwa Mume Wake

Mpendwa mshauri, nisamehe kwa mwandiko, siku hizi kalamu imekuwa nzito mkononi, na nisamehe pia kwa jambo lenyewe, maana ukurasa wako nimeuzoea kwa mambo ya wachumba na mawifi, na mimi ni mzee ambaye daktari wa moyo ameacha kumwambia arudi lini. Nilifundisha falsafa chuoni mpaka nikastaafu, na naomba msaada juu ya uongo ninaousema kila Jumamosi alasiri nikiwa na akili zangu timamu.

Tulikuwa kundi la walimu wa chuo kimoja, tukikutana sebuleni kwangu kusoma kwa sauti tanzia za kale, zile za wafalme na miungu na watu wanaoambiwa yatakayowapata na bado wanayafuata, kila mtu na sehemu yake: mkutubi alikuwa malkia, mtaalamu wa mimea alikuwa mfalme, mimi nilikuwa sauti ya wazee wa mji, na rafiki yangu wa fizikia, tuliyemwita Mizani kwa sababu hakukubali neno mpaka alipime, alikuwa mjumbe, yule anayeingia kueleza yaliyotokea nje ya jukwaa. Mkutubi alipofariki tuliona vibaya kumpa mwingine sehemu yake, tukakubaliana kwamba kila yakifika maneno yake tutanyamaza, tukiyafuata kwa kidole ukurasani kwa mwendo ule ule aliokuwa akisomea, na ni Mizani peke yake aliyelalamika.

"Mnamnyamazia nani?" alituuliza. "Mtu akifa amekwisha. Mimi nikifa songeni mbele, msipotezeane muda."

"Na kama hukwisha?" nikamchokoza.

"Basi nitajibu, profesa. Usiponisikia ujue nilikuwa sahihi, na hapo ndipo utakapoacha kubishana nami."

Wote wamekwenda, nimebaki mimi. Nasoma sehemu yangu na zao nazinyamazia, na naandika haya nikijua utakavyonifikiria, lakini katika mapengo yale nilianza kuwasikia, kwanza mkutubi na kile kikohozi chake kabla ya sentensi ndefu, kisha mtaalamu wa mimea, akikosea maneno yale yale aliyokuwa akiyakosea tangu zamani, na nyundo za gereji ya jirani zikitulia nawasikia wazi kama ninavyosikia birika likichemka jikoni. Mizani simsikii. Pengo la mjumbe ni tupu, halina hata pumzi.

Mjane wake, shemeji yangu, huja kila Jumamosi na kukaa kwenye kiti cha mumewe, na siku ile ya kwanza alipoona ninavyoinamisha kichwa kusikiliza, akauliza, "Shemeji, unamsikia?" nami, mtu niliyewafelisha wanafunzi kwa kudai wasichoweza kukithibitisha, nikasema namsikia.

"Anasemaje?"

"Anasoma tu, shemeji. Sauti yake ile ile."

"Ya kujidai?"

"Ya kujidai hasa."

Akacheka mpaka akafuta machozi, na tangu hapo nimeshindwa kurudi nyuma. Sasa macho yake yanafifia, ni mtoto wa jicho, na mwanawe amemtafutia nafasi ya upasuaji katika mji anakoishi, na daktari ameonya kwamba wakizidi kuchelewa huenda asione tena, lakini amekataa katakata kwenda, hataki kukosa Jumamosi hata moja, ananiambia, "Macho ya nini, shemeji, na masikio yako yananitosha?" na binti yangu anayenitunza husikia hayo yote akiwa anakusanya vikombe, ananitazama tu.

Kuna na hili la pili, ndilo linaloniharakisha. Siku za karibuni nikimaliza kusoma maneno yangu, wenzangu hawaendelei. Wananyamaza kwa muda ule ule wa maneno yangu, kana kwamba sikusoma kitu, kisha ndipo mkutubi anakohoa na kuendelea. Umenielewa, mshauri? Wananifanyia kama tulivyowafanyia wao. Nilijirekodi kwa simu ya binti yangu: nyundo zimo, pumzi za shemeji zimo, wao hawamo, na mimi nasikika mbali sana, kama mtu anayesomea chumba cha pili.

Je, nimwambie shemeji ukweli nimnyang'anye mumewe mara ya pili, au niondoke na uongo wangu nimwache na faraja yake?

Mwalimu mstaafu wa falsafa

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mchana kweupe, ofisi imejaa watu, na bado niliinuka kukisogeza kiti changu ili mgongo uelekee ukutani. Haya, tuseme ya maana.

Sibishani nawe kuhusu sauti. Mweleze daktari wako yote, na dawa unazomeza azitazame. Akishindwa kuzieleza sauti hizo, basi ni zako, hazijamdhuru mtu. Kinachodhuru ni lile neno "namsikia". Ulilisema kwa huruma, naamini, lakini huruma hiyo sasa inampofusha mtu, nawe unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi usiyenijua badala ya kumwuliza binti yako, ambaye jibu lake unaliona kila akikusanya vikombe.

Unasema utamnyang'anya mumewe. Mume yupi? Mizani alieleza waziwazi maana ya kunyamaza kwake, na wewe, rafiki yake, umemtwisha maneno aliyoyakataa maisha yake yote. Anayesoma Jumamosi katika lile pengo si yeye, ni wewe. Mjane ana haki ya kujua mumewe alisema nini kuhusu kufa kwake. Yule mbishi ndiye aliyemwoa, si huyu asiyebisha uliyemtengenezea.

Fanya hivi. Mwite asubuhi, siku yoyote isiyo Jumamosi, na msikae sebule ile. Kaeni jikoni, binti yako awepo. Kabla chai haijamiminwa sema, "Shemeji, nilikudanganya. Tangu afariki sijamsikia hata mara moja." Usizunguke na falsafa. Kisha mpe maneno ya Mizani kama alivyoyatamka, pamoja na majivuno yake. Atalia. Pengine atakuita jina ambalo maprofesa hawajazoea kuitwa, nawe ulipokee. Binti yako ampigie mwanawe hapo hapo, safari ya hospitali ipangwe kabla hasira haijapoa, maana hasira nayo humwinua mtu kitini. Akirudi anaona, mpe kitabu, sehemu ya mjumbe aisome mwenyewe kwa sauti yake.

Na usijipangie kufa kwanza ili kazi hii ikupite. Wengi wanaoniandikia wana mpango huo huo, kisha wanaobaki ndio wanaoniandikia tena. Akutukane ukiwa unasikia, mzee, na kama ni kukusamehe, akusamehe ukiwa unasikia.

Hao wanaokunyamazia sijui wanangoja nini, na sitajifanya najua. Shemeji yako najua anangoja nini, kwa sababu umemngojesha wewe. Mpigie simu leo. Usiwaulize wao kwanza.