Mashine Mbili Ulizoziacha Mezani

Mzee Salim,

Zile mashine mbili ulizoziacha mezani nimemaliza kuzipima. Nilidhani nikimaliza nitalia, au angalau nitasikia njaa. Sikusikia kitu. Nilinawa mikono, nikarudi kukaa.

Kiti chako kipo palepale dirishani. Athman ndugu yako ndiye anayefungua duka letu la kompyuta siku hizi, na anafungua mapema kuliko wewe, jambo ambalo halikuwa gumu. Barabara ya Argwings Kodhek inapiga kelele zake zilezile. Wateja wakikuulizia nasema "amefariki" kama ninavyosema "nyaya zimekwisha". Wananitazama. Nadhani wananiona sina moyo, na huenda mpaka juzi ilikuwa kweli.

Kwetu Kinoo mtu akifa tunakutana jioni baada ya jioni, tunaimba, tunapanga, na kaburi likija kuchimbwa umeshalia mpaka umechoka. Yako haikuwa hivyo. Athman alinipigia simu Jumapili asubuhi nikianika nguo. "Wambui, Salim hatunaye." Ni moyo, akasema. Nikamaliza kuanika kwa sababu nguo zilikuwa mbichi, zingenuka. Nilipofika kwenu wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini na watu wanapakuliwa wali. Najua dini yenu haipendi maiti acheleweshwe. Lakini sikukuona, Mzee. Ijumaa ulikuwa unanibishia, Jumapili haupo.

Ubishi wenyewe unaukumbuka. Ile hospitali ya misheni iliyo mbele ya Kangemi ilitaka seva mpya ya kuwekea faili za wagonjwa. Ya zamani hukwama asubuhi za kliniki, akina mama wakabaki kwenye foleni na watoto mgongoni huku karani akiikodolea macho skrini. Tukaletewa mashine mbili za kujaribu. Ya kwanza, prosesa yake ina kiini kimoja tu cha kufanyia kazi, lakini kinakimbia, gigahezi tatu nukta sita. Ya pili ina viini viwili, na kila kimoja ni gigahezi mbili nukta mbili. Ukasoma karatasi zake, ukaipima ya kwanza, ukatabasamu. "Mwanangu, mbio ni mbio."

Mimi nikasema hospitali haina karani mmoja. Nikakupa mfano wa duka la chipsi: saa saba mchana, watu wanapomiminika, mhudumu mmoja mwepesi hawezi kushindana na wahudumu wawili wa kawaida. "Wewe na chipsi zako," ukasema, ukaendelea kumenya chungwa lako.

Tukawekeana dau kama siku zote: atakayeshinda ndiye ataipa mashine jina. Mpaka hapo ulikuwa umenishinda kila mara, ndiyo maana seva zetu zote mjini zina majina ya vyakula vya kwenu. Pilau iko kwa mawakili, Mahamri iko kwa watu wa bima. Mimi nilitaka moja tu iitwe Mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa ya kwetu. Ulicheka hadi ukavua miwani. "Seva iitwe Mukimo? Itakwenda kwa uzito huohuo." Sharti lako lilikuwa moja: chakula chochote, lakini jina la mtu, kamwe. Sikuwahi kukuuliza kwa nini.

Kisha ukafanya jambo ambalo bado linanikera. Ijumaa hiyo, kabla ya kwenda kuswali, ulimpigia Bwana Kariuki, msimamizi wa hospitali, ukamwambia achukue ya kwanza. Ya pili hatukuwa hata tumeiwasha. Ulikuwa na uhakika tu, kama kawaida yako.

Kwa hiyo neno lako la mwisho kazini likawa hilo. Athman akaniambia, "Neno la marehemu halipingwi. Andika alivyosema, tumalize." Kariuki naye: "Wambui, si mzee alisema hiyo ya speed ndio poa? Wacha tu tumheshimu." Ningeweza kuandika mstari mmoja nikaenda nyumbani, na nilishaishika kalamu. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba kipimo hakijui shemeji, na wale akina mama wataendelea kusimama pale wewe ukiwa umeheshimiwa.

Nikazipima zote mbili upya. Nilifunga dirisha, nikawasha hita, maana wewe uliipima yako katika baridi ya Julai dirisha likiwa wazi, na chumba cha seva cha hospitali kimepakana na jiko. Hilo tulilijua sote wawili, tukalisahau. Faili zilezile, kazi ileile. Kabla ya kubonyeza swichi nikasikia mdomo wangu unasema Bismillahi, mimi binti wa mzee wa kanisa. Umeniharibu.

Karani mmoja akitafuta faili moja, yako ilishinda, na ilishinda vizuri. Nimeandika hivyo, usidhani nimekuonea. Halafu nikazibebesha kazi ya hospitali nzima, mapokezi, maabara na duka la dawa kwa pamoja. Yako ikaanza kusitasita, feni ikinguruma. Nikaiwekea kiganja juu ya bati kama ulivyokuwa ukifanya, nikakiondoa haraka. Ile ya viini viwili ilikuwa vuguvugu tu, inasonga. Nilipochomoa umeme, betri ya akiba iliwahi kuisha kwenye yako, maana inakula umeme zaidi.

Nikageuka nikuringie. Miaka yote hiyo nimengoja kukuringia, na kumbe nilikuwa nimegeukia kiti.

Nikamwandikia Kariuki achukue ile ya pili, na Athman hakunisalimia siku kadhaa. Jana akaja mwenyewe kunisaidia kuibeba, tukaifunga hospitalini bila maneno mengi. Kariuki alitutazama tukikaza skrubu, akauliza, "So, mzee alikosea?" Nikamwambia ndiyo, alikosea, na angekuwepo angesema mwenyewe kabla yako. Athman akainamisha kichwa. Nafikiri alitabasamu.

Kariuki ni mtu mwema. Akasema, "Basi angalau tuiite Salim. Tumkumbuke."

Nikakataa papo hapo, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Sasa naijua sababu ya sharti lako. Ipo siku umeme utapotea au feni itakufa, na karani atanipigia simu asubuhi aniambie, "Wambui, Salim amezima." Simu hiyo nimeshaipokea, Mzee, nikiwa na nguo mbichi mkononi. Siwezi kuipokea mara ya pili.

Nimeiita Mukimo. Nilipomaliza kuliandika hilo jina nikalia pale pale, mbele ya Kariuki na mpishi aliyekuja kuchungulia. Nililia vibaya. Athman akanishikia bisibisi.

Pumzika, Mzee wangu. Mungu akupe nafasi yenye dirisha. Nakuahidi sitamwambia mteja neno kabla ya kupima zote mbili, hata niwe na uhakika kama wako. Na Mukimo ikizima, iwe mvua iwe jua, nitakwenda kuiwasha. Hiyo naiweza.

Wambui