Vyumba Visivyosemezana Ndani ya Kichwa cha Panya

Bangkok, 9 Juni
Mwaka mmoja na miezi saba tangu nipande basi pale Yasothon

Mpendwa Dada Thongyun,

Hujambo? Mguu wa Mama unaendeleaje? Na yule nyati amezaa, au bado anatuzungusha? Mimi mzima, ila nimechoka mpaka nywele. Mikono imechubuka kwa dawa ya kuoshea vizimba vya panya.

Umeniandikia mara tatu kuuliza kama nitakuwepo Wirot wangu akinyolewa nywele na kuingia utawa, kabla watawa hawajaanza mfungo wao wa miezi ya mvua. Ulipoandika "kwani kuomba ruhusa kuna ugumu gani?" nusura niichane barua. Niliomba, Dada! Februari, Machi na Aprili. Hapa maabara muosha vizimba hasemi na daktari. Anasema na msimamizi Prasoet, na Prasoet ana neno moja tu: "Haiwezekani."

Sasa sikia balaa. Daktari Orawan anachunguza kitu kidogo kilichomo katikati ya ubongo wa panya. Wiki iliyopita alinieleza mwenyewe. Kina vyumba: kimoja hupokea habari za macho, kingine za masikio, kingine za masharubu, kisha kila kimoja huzipeleka juu kwenye ubongo. Anataka kujua vyumba hivyo vinapashanaje habari. Kumbe karibu havisemezani kabisa! Vimezungukwa na ukuta mwembamba. Kila chumba kinauachia ukuta neno, na ukuta kazi yake ni kuvinyamazisha vingine. Masharubu yakiguswa, masikio yanaambiwa yatulie. Nikawaza, basi hata panya ana Prasoet wake.

Lakini mwezi Mei panya wangu walianza vituko. Chumba chao cha masharubu kilikuwa kinaamka kabla hawajaguswa. Vipimo vya miezi mitatu vikawa takataka. Prasoet akanijia juu.

"Mjomba, unawalisha nini panya wa watu?"

"Chakula chenu."

"Usinifanye mtoto. Umewapa samaki wachachu wa kwenu."

"Niwape panya, halafu mimi nile nini?"

Lamduan, yule mama anayepiga deki, alicheka mpaka akamwaga ndoo. Prasoet hakucheka. Akasema mwisho wa mwezi nifungashe vyangu.

Nikavua buti, nikaenda moja kwa moja mlangoni kwa daktari. Prasoet nyuma yangu, "Mjomba, rudi!" Nikaunganisha viganja, nikasema yote. Kila asubuhi, kabla hawajachukuliwa kwenda kupimwa mlango wa pili, ambako sauti yangu inasikika, namshika panya mmoja mmoja, naziita roho zake: "Njooni, roho, msitangetange, rudini nyumbani." Kisha nampulizia usoni mara tatu, kama Babu alivyotupulizia sisi tukiwa na homa. Mnyama anayekwenda kutobolewa fuvu, roho zake zitakosa kukimbia? Nani aliwahi kuniambia ni kosa? Hakuna aliyewahi hata kuniuliza!

Daktari akanipeleka penye panya aliyeunganishwa na mashine. "Ita."

Nikaita. Kwenye kioo mistari ya chumba cha masharubu ikasimama wima, na hakuna pumzi iliyomgusa.

"Mzee Khamphon," akasema, "umewafundisha kwamba baada ya sauti yako inakuja pumzi. Habari ya masikio imefika kwa masharubu, na sijui imepitia wapi."

"Nisamehe, Daktari."

"Nina hasira nawe sana. Na nataka uendelee."

Hapo zikanipanda za kwangu. "Siendelei! Mwezi wa saba mwanangu anaingia utawa, na roho zake zitaitwa mbele ya kijiji kizima. Niite za panya, nikose za mwanangu?"

"Mbona hukuomba ruhusa?"

"Mara tatu."

Akamgeukia Prasoet. Prasoet akatazama viatu vyake.

Basi, ruhusa nimepata na kazi sijafukuzwa, na wameinasa sauti yangu. Nikiwa sipo, mashine itawaita panya na bomba dogo litawapulizia. Lamduan anasema mashine inaita vizuri kuliko mimi, maana haikohoi.

Mwambie Shemeji Bunthan asithubutu kukodi tena yale maspika makubwa kama ghala. Namjua. Roho za Wirot zitasikiaje zikiitwa, na yeye anapiga muziki wa kutikisa mabati?

Nisalimie Mama, Shangazi Bualai, na Wirot mwenyewe. Mwambie asinyoe kabla sijafika. Mvua iwakute mmekwisha kulima, na mpunga uiname kwa uzito.

Nafika kituo cha basi Yasothon alfajiri ya tarehe 5 Julai. Niwekeeni nafasi karibu kabisa na mwitaji wa roho. Sauti yangu ina mazoezi ya mwaka mzima, na safari hii anayeitwa ni wangu.

Mdogo wako akupendaye, pamoja na hasira zote hizi,
Khamphon