Chumba cha Nyuma Kina Mtu

Nachingwea, Ijumaa, Oktoba 2008. Jua kali, vumbi mpaka kwenye meno, na mimi sina raha.

Nimekuwa mwenye nyumba tangu mwaka huu uanze, na kichwa hakijatulia. Miaka yote niliendesha lori la korosho. Lori likigoma unafungua boneti, unaona ubovu. Mpangaji utamfungua wapi?

Rafiki yangu wa Ruangwa, mwenye nyumba tatu za kupangisha, ndiye aliyenifunda kazi hii. Mpangaji akikuchekea, usimwamini. Chakula chake usikizoee. Ufunguo wa akiba wa kila chumba kaa nao mwenyewe. Na mwambie mapema kabisa: wageni sitaki. Nikayashika yote.

Chumba cha nyuma nilimpa Mama Zuhura, anashona nguo pale sokoni. Aliniambia anakaa peke yake, binti yake yuko kwa bibi yake Mbekenyera. Mama mtulivu, akikuamkia anapiga goti. Kila Ijumaa ananiletea bakuli la ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Naipenda mno, kwa hiyo nilikula, ila moyoni nikasema huyu ananifumba macho.

Maana dalili zilishaanza. Dirisha likazibwa kwa kanga, joto lote hili! Mama yuko sokoni, chumbani mtu anakohoa. Ndoo za maji zikaongezeka. Jioni wanaingia wanawake na vyombo vilivyofunikwa, wanacheka chinichini, nikipita wananyamaza.

Gongo.

Nikaapa ni gongo. Msimu wa mabibo huu, na gongo la huku hupikwa kwa mabibo, nani asiyejua? Na polisi wakija hawahangaiki na mpangaji, wanamtaka mwenye nyumba. Nyumba niliyoijenga kwa jasho langu igeuke kilabu? Yule anayekohoa mchana ndiye mpishi, kajificha humo. Nilikuwa na hakika.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nikashindwa kuvumilia. Nikagonga. Kimya. Nikapaza sauti, "Toka nje, nakujua!" Ndani kitu kikasogea, kisha kimya tena. Majirani wakajaa uani. Nikamwita mjumbe wetu, Bi Esha, nisije nikasingiziwa wizi, nikampa ufunguo wa akiba aingie yeye kwanza.

Akafungua kidogo, akachungulia. Akaurudisha mlango taratibu, akauegemea kwa mgongo.

"Mwali," akasema.

Mtume! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Wewe Mmwera wa Chinongwe," akaniambia mbele ya watu wote, "dada zako hawakuwekwa ndani?"

Waliwekwa, wote. Sisi wavulana tulikatazwa hata kupita karibu na mlango ule, na hakuna aliyetueleza kitu, maana hayo si mambo ya wanaume. Vyombo vile ni chakula cha mwali, na wale wanawake ni makungwi wake. Sijui nilidhani nini. Labda nilidhani mambo yale yamebaki kijijini, hayaji kwenye nyumba ya kupanga.

Mama Zuhura akaja mbio kutoka sokoni, futi ya kupimia bado iko shingoni. Nilingoja matusi. Heri angetukana. Alisema tu kwamba bibi kule anaumwa, mtoto kamaliza la saba, na wakati wake wa kuwekwa ndani umefika, sasa angempeleka wapi?

"Ulisema hutaki wageni, baba mwenye nyumba, nikaogopa kukwambia. Kwani mwanangu ni mgeni?"

Akanyoosha mkono, nikauchukua ufunguo wa akiba kwa Bi Esha, nikampa. Rafiki yangu wa Ruangwa akisikia atanicheka mpaka aanguke.

Nimeona aibu, tena kubwa. Na bado nashuku, tabia haina dawa. Nashuku anatafuta chumba kwingine. Alasiri nimemwona akiongea na mwenye nyumba wa ng'ambo ya barabara, na nilipotokeza wote wawili wakanyamaza.

Sasa jua limezama. Nimekaa barazani, namsikia yule mtoto anakohoa, kidogokidogo, anajizuia nisimsikie. Ananiogopa, mtoto wa watu, ndani ya chumba ambacho mama yake amekilipia. Kesho nitanunua dawa ya kifua nimpe Bi Esha ampelekee. Itapokelewa, au na wao watajiuliza nina lengo gani?

Leo Ijumaa. Bakuli halijaja.