Mlango Uliomfungia Mama

Nyumbani,
Chumba cha cherehani.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunaendelea, ila sikio la kulia la Mama limeziba kabisa, na la kushoto daktari anasema halitamaliza mwaka. Kwa hiyo leo usitegemee barua ya kubembeleza.

Mchezo wako wa kompyuta umefika. Nyumba iliyomo ni yetu yenyewe, hata ufa wa ukuta wa jikoni umeuchora. Siku tatu za kwanza Mama alizurura humo akifungua makabati na kunionyesha sufuria zake. Alicheka mpaka nikaacha kushona. Hapo nakupa hongera.

Kisha tukafika mlango wa chumba cha Baba. Ulituahidi kwamba ndani kuna sauti yake, ile hadithi uliyomrekodi kabla hajafariki, na ukakataa kuituma kando. Lazima kwanza tuwashe taa tatu kwa mpangilio. Mama akawasha ya jikoni, ya ukumbini, ya barazani, kama Baba alivyofanya miaka arobaini. Mchezo ukasema amekosea. Leo ni siku ya kumi na moja tumekwama. Mimi ninayeshona koti na bitana lake, nimeshindwa na taa!

Kwenye simu ukaniambia, "Dada, bila fumbo hadithi haina utamu. Mtu lazima aihangaikie."

Ndugu yangu, nimekasirika. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua; sasa mama yako anajiona mjinga ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wateja wako wape makufuli hata mia, shauri yao. Baba naye alituuliza maswali katikati ya hadithi, sikatai, lakini tukikosa alicheka na kuendelea.

Tena kuna jambo hulijui. Nyuma ya mlango umeweka kikohozi cha Baba, nadhani ili kiwe dokezo. Mama hagusi taa tena. Kila asubuhi anavuta kiti, anaegemeza sikio la kushoto kwenye spika, anakisikiliza. Jana Baba alikohoa, Mama akamjibu kwa sauti, "Pole, Baba watoto. Mwanao anakuja kukufungulia."

Nilitoka nje nikalia.

Mjomba fundi saa na shangazi wanakusalimu. Wabusu watoto. Mungu akulinde, akupe afya, na akupe haraka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo.