Nimeinama, na Uso Ni Wangu

Dada Adelina, salamu nyingi kutoka huku Kashozi, mvua inanyesha tangu asubuhi.

Unakumbuka kabla sijawekewa stenti, kile kibomba cha wavu kilichozibua mshipa mkubwa wa kifuani? Nilikuwa nikiinama tu, uso unavimba na pumzi inakata. Leo nilitaka kumenya ndizi, shangazi akanizuia: "Mgonjwa hainami! Kaa kwenye kiti."

"Mgonjwa yupi?" nikamwuliza, nikachukua kisu. Nikainama nikamenya ndizi za watu kumi. Uso haukuvimba hata kidogo. Shangazi akalia, mimi nikacheka.

Mwambie kaka, pale kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, aliponichagulia kaburi nilipozidiwa, apande mgomba. Nawakumbatia nyote hapo Kimwani.

Mdogo wako, Koku