Mtihani Niliomfundisha Ellis Kuufeli

Nyumba Na. 418, Mtaa wa Larch,
Fallow Creek, Ohio.
Jumatano, 8 Novemba.

Mpendwa Shangazi Verlene,

Shikamoo. Kabla ya yote nieleze hali ya mgongo wako, kwa maana Mama alisema ulimwinua mgonjwa peke yako siku ile ya theluji na wiki nzima hukuweza kusimama wima. Je, zahanati imekupatia msaidizi? Na huko Alaska jua bado mnaliona mchana, au limeshaanza kuwapunja? Sisi huku ni wazima kwa kutazamwa. Nimeandika "kwa kutazamwa" kwa makusudi, na utaona kwa nini.

Shuleni naendelea vizuri. Bibi Osterhaus alinipa alama tisini na sita katika insha yangu kuhusu mto wetu wa Louisiana, akasema nipunguze maneno ya kupamba. Nitajaribu kuyapunguza hata humu.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Ukipiga simu Jumapili huwa anafungua sauti ili sote tusikie, na kaka Ellis huwa amekaa palepale kwenye kochi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwezi wa Julai nilikuambia kwamba namsaidia Ellis kujiandaa na mtihani wa kambi ya mazoezi ya timu yake ya mpira wa Kimarekani, nawe ukanisifu. Nakuomba radhi, Shangazi, kwa sababu sikukueleza ulikuwa msaada wa namna gani.

Kila mwaka kabla ya msimu, kila mchezaji hukaa mbele ya kompyuta. Husomewa maneno kumi na mawili, halafu baada ya muda huulizwa anayakumbuka mangapi. Daktari wa timu, Dakta Hanneman, huyahifadhi majibu. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya msimu, hukalishwa tena, na majibu mapya hulinganishwa na yale ya Julai. Akiwa ameshuka, hachezi mpaka apande tena. Ni mpango mzuri. Lakini wachezaji wa ulinzi wana desturi yao, na wakongwe huwapa wageni kimyakimya: mtihani wa Julai unafanywa vibaya kwa makusudi.

Mimi niliisikia mezani kwetu, kutoka kwa Tavita Leota, yule Msamoa mkubwa anayesimama kulia kwa Ellis uwanjani. Mama alikuwa kanisani kwenye kwaya.

"Daktari akijua unakumbuka kumi na mbili, siku ukileta nane anakuweka benchi," Tavita alisema. "Akijua una saba, ukileta nane anakupigia makofi."

"Na ukileta mbili?" nikamuuliza.

"Ukileta mbili, mdogo wangu, kompyuta inakushtaki. Hata mbuzi anakumbuka tatu."

"Basi wewe walikupitishaje?" Ellis akamwuliza, na wakacheka mpaka chai ya barafu ikamwagika kwenye kitambaa cha Mama.

Kwa hiyo kufeli huko kunahitaji mwalimu. Ellis alinichagua mimi kwa sababu nina subira na orodha. Jioni tisa tulikaa kwenye ngazi za nyuma, mimi nikisoma, yeye akijifunza kusahau maneno matano, kila siku mengine, na kunyamaza kidogo kama mtu anayejitahidi. Nilikuwa namsahihisha. Nilimwambia, "Usisahau yote ya mwisho, watashtuka. Sahau ya katikati." Hayo ni maneno yangu mwenyewe, Shangazi. Nilijivuna sana. Alipata saba, kama tulivyopanga, na tangu siku hiyo wote wawili wananiita Mwalimu.

Jumapili ya pili ya Oktoba nilikuwa uwanjani na Mama. Ellis alikimbia kumwangusha mbeba mpira, na mwingine akaja kutoka ubavuni. Helmeti ziligongana. Tulikaa mbali, juu kabisa, na bado tulisikia. Alilala, kisha akainuka, akatupungia mkono, akaanza kutembea kuelekea benchi la wapinzani. Tavita alimshika mkanda na kumgeuza kama mtu anayemtania. Watu waliotuzunguka walicheka. Mama pia alicheka.

Walimpima wiki ile. Alikumbuka saba. Wakampima mengine, macho, usawa wa mwili, akapita, na kabla ya Jumapili iliyofuata alikuwa amerudi mazoezini. Alifika nyumbani akaninyanyua juu kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. "Saba kamili, Mwalimu." Nami nilicheka.

Sasa nikueleze mambo ya nyumbani, na ninakuomba usiyaseme kwenye simu.

Mapazia ya chumba chake hayafunguliwi. Siku mbili nimemkuta chumba cha kuhifadhia vyakula, amesimama mbele ya rafu, mlango wazi, haangalii kitu. Jumatatu moja aliwasha jiko chini ya maharage, akaondoka, na sufuria nzito ya Bibi ikaungua mpaka ukapasuka mpini. Mama aliamini ni yeye aliyesahau. Ellis hakusema kitu kwa sababu hakujua kwamba kuna la kusema. Tangu hapo Mama anajiandikia vikaratasi na kuvibandika ukutani jikoni: zima jiko, funga mlango, dawa ya presha saa mbili. Ameniambia kwa sauti ya chini kwamba huenda akili yake imeanza kuzeeka. Kila asubuhi navisoma vikaratasi hivyo nikinywa maziwa.

Jumapili iliyopita walicheza ugenini, tukatazama kwenye televisheni. Unajua kwamba ndani ya helmeti ya Ellis kuna sauti ya kocha, na ni yeye anayewaambia wenzake kumi wasimame wapi. Mara kadhaa niliona wenzake wakigeuka kumtazama Tavita badala yake. Watangazaji hawakusema kitu. Timu ilishinda.

Jumatatu Tavita alikuja kula maharage mekundu na wali, kama kila Jumatatu. Baada ya chakula alinisaidia kuosha vyombo, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mwalimu," aliniambia, "nyumbani anaendeleaje?"

"Vizuri."

"Vizuri vipi? Jana aliita mpango wa wiki ile nyingine. Mara tatu. Nikamwambia, mzee, hao tulishamalizana nao, wako kwao wanakula. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni."

"Ulimwambia kocha?"

Aliendelea kusugua sahani ambayo ilikuwa imeshatakata. "Niliwarudishia wenzangu mpango wa kweli, mchezo ukaendelea. Nina watoto watatu, Mwalimu. Na mimi pia nina saba yangu."

Simlaumu sana. Alisema na macho yake yakiwa ndani ya sinki, na alipoondoka hakuaga kwa utani.

Jioni ileile nilimwita Ellis kwenye ngazi za nyuma. Nilimwambia nataka kumpima, orodha mpya, na safari hii asidanganye, akumbuke yote anayoweza. Alikubali kwa furaha. Nilisoma maneno kumi na mawili polepole. Tulizungumza habari nyingine kwa robo saa, kisha nikamwomba anirudishie. Alitaja matano upesi. La sita lilimtoa jasho, na ilikuwa baridi, Shangazi, nilikuwa nimevaa koti. Kisha akanigeukia akitabasamu.

"Bado moja tu, sivyo?"

Alidhani maneno yalikuwa saba.

Sikumwambia. Nilikunja karatasi nikasema amefanya vizuri. Lakini nilipokuwa peke yangu nilielewa jambo ambalo ningepaswa kulielewa Julai. Dakta Hanneman ana saba katika majalada yake. Ellis akimpelekea sita, atadhani amechoka tu. Ile namba ya uongo tuliyoitengeneza sisi wawili sasa ndiyo kimo chake cha kweli, na hakuna mtu katika jengo la timu anayeweza kuona kwamba kuna kitu kimepungua. Anayejua kwamba kaka yangu alikuwa na kumi na mbili ni mimi.

Jana, Jumanne, nilimweleza yote. Nililia kidogo lakini nilimaliza. Alinisikiliza vizuri sana. Hakukasirika.

"Kwa hiyo unataka nikae benchi," alisema.

"Nataka umwambie daktari ukweli wa Julai."

"Wakinitoa, hawanirudishi. Yuko kijana mgongoni mwangu ana miaka ishirini na miwili, anakula nafasi yangu kwa macho."

"Akale, kaka."

Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Sawa. Ijumaa kabla ya mazoezi nitamwambia mwenyewe. Usinitazame hivyo, nimeahidi. Mama tutamwambia baadaye, pamoja." Tulipeana mikono kama watu wazima. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Leo asubuhi, tukila mayai, Mama alipotoka kuchukua gazeti, nilimwuliza, "Bado Ijumaa?"

"Ijumaa kuna nini?"

Nilingoja utani uishe. Haukuisha.

"Una maonyesho shuleni?" aliuliza. "Niambie saa ngapi, Mwalimu, nitakuja. Nitamwomba kocha ruhusa."

Wewe ulimlea miaka mitatu Mama alipokuwa mgonjwa, unajua anavyodanganya: hulitazama sikio la mtu. Hakuwa akilitazama sikio langu. Alikuwa akinitazama machoni, kwa upendo kabisa.

Jumapili hii wanacheza nyumbani. Wanaokuja wana yule mbeba mpira ambaye msimu huu ameshawapeleka walinzi wawili hospitali, na gazeti alilolichukua Mama lilikuwa na picha yake upande mmoja na ya Ellis upande wa pili, wakitazamana. Mama ameikata na kuibandika ukutani karibu na vikaratasi vyake. Wewe ni muuguzi, sihitaji kukuandikia pigo la pili hufanya nini katika kichwa ambacho hakijapona la kwanza. Nimesoma maktaba. Nilifunga kitabu kabla ya kumaliza ukurasa.

Kwa hiyo leo, wakati wa chakula cha mchana, nilimwomba Bibi Osterhaus simu ya ofisini nikapiga jengo la timu. Katibu wa daktari aliniuliza shida yangu ni nini. Nilisema ni kuhusu mtihani. Aliuliza kama mimi ni mwanafunzi wa udaktari, na nikasema bado. Nimepewa Ijumaa, saa saba na nusu mchana, na shule inafungwa saa sita. Nitakwenda na orodha zote tisa za Julai, zenye alama zangu za kalamu nyekundu kwenye maneno ya kusahau, na ile ya Jumatatu. Nitasema mimi ndiye niliyemfundisha. Tavita sitamtaja, nafasi hiyo namwachia mwenyewe.

Nilimwandikia Ellis mambo haya pia, kwenye karatasi moja, na nitamwachia mkononi kabla sijapanda basi. Sitaki aambiwe na mgeni. Lakini sitamwachia mapema, kwa kuwa ataiweka mahali na asijue tena ni wapi.

Barua hii ikikufikia, Ijumaa itakuwa imepita, na Jumapili nayo. Utakuwa unajua mambo ambayo mimi sasa siyajui. Sikuandika ili unizuie wala unikubalie. Niliandika ili mtu mmoja mkubwa katika ukoo wetu ajue jinsi ilivyoanza, kama ikija kuulizwa. Na nina tumaini, usidhani sina. Kitabu kilisema pia kwamba kichwa kilichopumzishwa mapema hupata nafuu, wengine nafuu kubwa, na Ellis ana miaka ishirini na saba tu. Ukurasa huo niliusoma wote.

Kama utapata likizo mwisho wa mwaka, tafadhali njoo. Mama atahitaji mtu wa kumweleza kwamba sufuria haikuwa kosa lake. Mimi nitamwambia, lakini akiambiwa na wewe ataamini.

Nisalimie Mjomba Prosper, na umwambie kofia aliyonitumia inanitosha. Nisalimie Ismay na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona, na mabibi wote wa zahanati waliotutumia samaki wa kukaushwa. Mungu akulinde katika giza la huko na aunyooshe mgongo wako.

Neno la mwisho. Ellis atanikasirikia, na kwa jinsi alivyo atakupigia wewe kwanza, na huenda ameshapiga. Atasema nimemsaliti, nimemvunjia kazi aliyoitafuta tangu akiwa na miaka saba. Naomba umwache aseme, usimtulize haraka, wala usinitetee. Akipiga tena kesho yake na bado amekasirika, niandikie uniambie. Na kama Krismasi itamkuta bado ananinunia kwa sababu ya maneno niliyoyasema Ijumaa ile, neno kwa neno, mimi nitapiga magoti nimshukuru Mungu, kwa kuwa atakuwa ameyakumbuka.

Ni mimi, mpwa wako akupendaye na kukukumbuka kila siku,

Odile